Neno la Mhariri: Ubaguzi Tunaoupita Kila Asubuhi

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu jinsi mzazi anavyomfunza mwanawe kuhusu rangi na ubaguzi wa rangi, makala nyingi mno zilizotufikia zilianza na George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Wazazi wa Makongeni, Ngoingwa na Membley walisimulia walivyozima televisheni Mei 2020, walivyohangaika kutafuta maneno, na hatimaye walivyomtuliza mtoto kwamba hayo ni mambo ya Marekani, kwetu hayapo. Nilizisoma kwa heshima, na nilikasirika. Mtoto anayelelewa kati ya Thika na Ruiru akiambiwa hivyo, amedanganywa.

Ruiru hiihii, mfanyabiashara wa pikipiki kutoka Uchina alirekodiwa na mfanyakazi wake akisema Wakenya ni nyani, Rais Uhuru Kenyatta akiwemo. Video ilisambaa Septemba 2018, akakamatwa, akatimuliwa nchini. Tukashusha pumzi, na katika nyumba nyingi mazungumzo yakaishia hapo: mbaya ameondoka. Ninachopinga ni kuishia hapo. Miezi miwili kabla, gazeti la The Standard lilikuwa limeeleza madai ya Wakenya wanaofanya kazi kwenye reli ya SGR kwamba walitengewa meza za kulia na magari ya kusafiria, mbali na Wachina. Mtoto aliyefunzwa kwamba ubaguzi ni tusi la mtu mwenye mdomo mchafu hataiona meza ile. Ataketi hapo miaka ishirini akidhani kazi ndivyo zilivyo.

Kwa hiyo nashikilia kwamba somo la rangi lianzie kwenye ardhi na mshahara, tena lianze mapema. Mashamba ya mkonge na kahawa yaliyouzunguka mji wetu wa Thika yalilimwa na watu waliobeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa nacho, mara nyingi kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, na mwajiri asipotia sahihi, mfanyakazi hakuweza kuacha kazi bila kuvunja sheria. Mzungu aliyemwajiri hakuvaa kitu shingoni. Mtoto wa miaka 7 anaelewa hilo bila msamiati wowote mgumu, hasa akiambiwa kwamba aliyevaa ni babu wa babu yake.

Akifika umri wa kufanya hesabu za sehemu, apewe hii. Katika utumishi wa serikali ya kikoloni kulikuwa na kanuni kwamba Mwafrika au Mhindi hulipwa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, na ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ilipoipinga mwaka 1954. Mzungu akipokea shilingi 500, mwenzake anapewa ngapi? Kisha hii: sheria ya 1915 iliwawezesha walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Muda huo unakwisha lini? Mtoto atapata 2914, na hapo ataanza kuuliza mwenyewe. Mzazi awe tayari kumjibu kwamba ni Katiba ya 2010, kifungu cha 65, iliyosema asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na kwamba madai ya ardhi kuhusu mashamba makubwa ya huku bado hayajaisha.

Wikendi tunawapeleka watoto Fourteen Falls na Ol Donyo Sabuk. Mlimani kuna kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na Juja Farm. Tunapiga picha, tunashuka. Maktaba ya Nairobi yenye jina lake ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mzazi aliyempandisha mtoto mpaka pale bila kumwambia hata hilo amepoteza nauli.

Makala ya mwalimu wa Ruiru kuhusu watoto wanaomwita mwenzao mwenye wazazi wa rangi mbili "pointi faivu" isomwe na kila mzazi. Ile ya krimu za kujichubua ni fupi na nzuri. Ile ya nywele za wasichana shuleni itazua ubishi.

Naomba msiruke makala inayomhusu Makhan Singh. Hapa Thika, mtoto wetu humjua Mhindi kama mwenye kiwanda, na tunayoyasema juu ya Wahindi tukiwa mezani anayasikia yote. Ni haki yake kujua pia kwamba mwana huyo wa Punjab aliunda chama cha wafanyakazi mwaka 1935, akadai uhuru hadharani pale Kaloleni Aprili 1950, akawekwa kizuizini mwezi uliofuata na kuachiliwa Oktoba 1961. Asipojua hilo, chuki tunayomrithisha ataiita uzalendo.

Mwandishi wa makala ya mwisho anashauri tungoje mtoto afikishe miaka 12 ili tusimharibie utoto. Ameandika kwa upendo na tumemchapisha bila kukata neno, lakini sikubaliani naye. Mtoto wa miaka 5 anayepitia langoni na mama yake kila siku ameshaona nani huombwa kitambulisho na mlinzi na nani hupigiwa saluti kwa ngozi yake tu. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwa mwandishi huyo anijibu.