Mshabiki Aliyevishwa Pete

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 2019, timu ya mpira wa kikapu ya Toronto Raptors ya Kanada ilifungua msimu nyumbani ikiwa bingwa wa NBA kwa mara ya kwanza. Kabla ya mchezo, wachezaji walitunukiwa pete za ubingwa. Pamoja nao alipewa pete mshabiki mmoja, Nav Bhatia, Singasinga mwenye kilemba, ambaye tangu timu ianze kucheza mwaka 1995 hakuwa amekosa mchezo hata mmoja wa nyumbani.

Bhatia alihamia Kanada mwaka 1984. Alikuwa mhandisi, alipokosa kazi ya fani yake, akauza magari. Misimu mingi timu ilishindwa, wala kiti chake hakikukaa kitupu. Aidha, huwanunulia tiketi watoto wa jamii mbalimbali ili waketi pamoja na kujuana.

Tuzingatie basi: hakufunga hata kikapu kimoja, alihudhuria tu. Je, ni wangapi majumbani mwetu wanaotungoja tuhudhurie siku ya kushindwa kwao, kabla haijafika siku ya pete? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.