Mwanasiasa ataje kauli, asitukane kituo

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi nililolidhania kuwa jepesi. Niliwatafsiria majibu mawili ya wanasiasa wa Marekani waliokabiliwa na suala la upendeleo katika vituo vya habari vya runinga, nikawataka waamue ni lipi lililo bora. La kwanza lilikuwa la Newt Gingrich, la mwaka 2012. La pili lilikuwa la Pete Buttigieg, la mwaka 2019. Takriban darasa zima lilimchagua Gingrich. Walimchagua kwa vicheko na makofi, na mmoja wao, kijana anayetarajia kwenda kufundisha shule ya upili, alisema kwamba hivyo ndivyo kiongozi anavyopaswa kujibu. Nilirudi ofisini nikiwa na wasiwasi, na makala haya ni tunda la wasiwasi huo.

Kisa cha Gingrich ni hiki. Tarehe 19 Januari 2012, mjini Charleston katika jimbo la South Carolina, wagombea waliowania tiketi ya urais ya chama cha Republican walikutana katika mdahalo ulioandaliwa na CNN. Msimamizi wa mdahalo, John King, aliufungua kwa kumwuliza Gingrich kuhusu madai ya mkewe wa zamani, kwamba aliwahi kumtaka akubali ndoa ambamo mume angekuwa na ruhusa ya kuwa na mwanamke mwingine. Gingrich hakuanza na madai hayo. Alianza na mwulizaji, akapanda hadi kwa vyombo vya habari kwa jumla, ambavyo alidai vilikuwa vikimlinda Barack Obama kwa kuwashambulia Warepublican. King alipojitetea kwamba habari hiyo ilikuwa imetoka katika kituo kingine, Gingrich alimkumbusha kwamba ni CNN iliyoamua kuufungua mdahalo kwayo. Ukumbi ukasimama kumshangilia. Kuyakana madai yenyewe kulikuja baadaye, kwa maneno machache. Siku mbili baada ya hapo alishinda mchujo wa jimbo hilo kwa takriban asilimia 40 ya kura, dhidi ya 28 za Mitt Romney.

Sikatai kwamba katika jibu lile mlikuwa na chembe ya haki. Kuchagua swali la kwanza ni uamuzi wa mhariri, na uamuzi wa mhariri waweza kuhojiwa. Hata hivyo, Gingrich hakuishia hapo. Kutoka kwa swali moja la usiku mmoja alirukia shutuma ya jumla isiyo na siku wala mahali, na ni shutuma hiyo iliyopigiwa makofi.

Yafaa tukumbuke vituo vyenyewe vilivyozaliwa. Runinga za kebo, yaani zile ambazo watazamaji huzilipia na matangazo yake yakawafikia kwa waya, zilianza kuwa na habari kutwa kucha mwaka 1980, Ted Turner alipoianzisha CNN. Mwaka 1996 vikaongezeka vingine viwili: MSNBC mwezi wa Julai (ambacho tangu Novemba 2025 kinaitwa MS NOW), na Fox News mwezi wa Oktoba, kituo cha Rupert Murdoch kilichokabidhiwa Roger Ailes, mtu aliyekuwa amewashauri marais wa Republican kuhusu namna ya kujitokeza mbele ya kamera. Kituo kinachotangaza habari usiku na mchana hakina habari za kutosha kuyajaza masaa yake. Pengo hilo huzibwa kwa maoni, na maoni ndiyo yanayomrudisha mtazamaji kila jioni. Si lazima pawe na njama yoyote, kwani biashara yenyewe yatosha.

Wako wanasiasa ambao, wakiulizwa kuhusu upendeleo, huahidi kuirejesha ile kanuni ya mwaka 1949 iliyovilazimu vituo vya redio na runinga kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana, na ambayo ilifutwa mwaka 1987. Jibu hili lina sura ya usomi, lakini ni jepesi mno. Kanuni hiyo ilihalalishwa kwa hoja kwamba masafa ya angani ni machache na ni mali ya umma. Kebo haitegemei masafa hayo. Anayeahidi dawa hii anaahidi kumtibu mgonjwa mwingine.

Kiswahili kinatupa kipimo kizuri zaidi, na wanafunzi wanaojua mapenzi yangu kwa viambishi wataniwia radhi. Tazama tofauti ya hu- na -li-. Mtu akisema “kituo hiki hutuonea”, hajataja siku, hajataja msemaji, wala hajataja neno lililosemwa. Hu- haina wakati. Kauli ya aina hiyo haithibitishiki wala haikanushiki, na hata mtangazaji anapoikanusha, mashabiki husema, “Mnaona? Wanatuonea tena!” Lakini akisema, “Jumanne usiku mtangazaji fulani alisema hivi, na ukweli ni huu,” amejifunga mwenyewe. Yeyote aweza kwenda kuitazama kanda. Akiwa amekosea, ataumbuka. Simaanishi kwamba hu- ni uongo daima. Upendeleo mara nyingi ni mazoea kuliko tukio moja. Ninalodai ni kwamba hu- isiyojengwa juu ya -li- kadha wa kadha haina msingi, na mwanasiasa asiyeweza kutoa hata -li- moja anyamaze, ajibu alichoulizwa.

Njia ya pili, nayo hupendwa na wengi, ni kususia. Oktoba 2009, Anita Dunn, mkurugenzi wa mawasiliano wa Ikulu ya Marekani, alisema hadharani kwamba Fox News ilikuwa kama tawi la chama cha Republican. Mwezi uliotangulia Obama alikuwa amehojiwa na vituo vitano kwa Jumapili moja, Fox ikarukwa. Susio halikudumu: Februari 2011, na tena Februari 2014, Rais yuleyule aliketi mbele ya Bill O'Reilly wa Fox. Mei 2019 Elizabeth Warren naye alikataa mkutano wa hadhara uliopangwa kurushwa na Fox, akisema kwamba kuhudhuria kungekipa kituo hicho hadhi na pesa za matangazo ya biashara. Hoja yake ina uzito, wala simbezi. Lakini mtazamaji wa Fox aliyekuwa tayari kumsikiliza alibaki na yale tu ambayo watangazaji wa Fox walimweleza kumhusu Warren.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Bernie Sanders alikuwa amefika Bethlehem, Pennsylvania, akahojiwa na Bret Baier na Martha MacCallum wa Fox. Baier aliuuliza ukumbi ni wangapi wangekubali kuacha bima ya afya ya waajiri wao na kuingia katika ile ya serikali aliyoipigania Sanders. Mikono mingi iliinuliwa kwa shangwe. Jambo hilo lisingeonekana katika kituo hicho kama Sanders angebaki nyumbani.

Kisha akaja Buttigieg, tarehe 19 Mei 2019, mjini Claremont, New Hampshire. Akiwa ndani ya Fox yenyewe, aliwataja watangazaji wawili wa kituo hicho kwa majina: Tucker Carlson, kwa kusema kwamba wahamiaji wanaichafua nchi, na Laura Ingraham, kwa kuvifananisha vizuizi walimofungiwa watoto wa wahamiaji na kambi za likizo. Baada ya hapo alisema kwamba wako watazamaji wengi wanaokifungua kituo hicho kwa nia njema, na kwamba ndio waliomleta. Wanafunzi wangu waliliona jibu hili kuwa baridi. Mimi naona humo ujasiri kuliko katika ngurumo za Charleston, maana alitaja nani alisema nini, akatenganisha msemaji na kituo, na kituo na mtazamaji. Mtazamaji hakutukanwa. Gingrich alipovishutumu vyombo vyote vya habari, mwenye kuviamini alijiona naye ameitwa mjinga.

Hapa pana jambo jingine ambalo wanasiasa hupenda kulivuruga, nalo ni tofauti baina ya upendeleo na uongo. Upendeleo ni kuchagua cha kusema na cha kuacha. Uongo ni kusema lisilokuwapo. Kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion iliishtaki Fox kwa madai yaliyotangazwa baada ya uchaguzi wa 2020 kwamba mashine zake ziliiba kura. Hati za kesi hazikuimba wimbo wa “vyombo vya habari”. Zilitaja kipindi, tarehe, msemaji na kauli. Machi 2023 jaji aliamua kuwa kauli hizo hazikuwa za kweli, na tarehe 18 Aprili Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5 kabla ya ushahidi kuanza kusikizwa. Kesi hiyo yote ilijengwa kwa -li-.

Mkuki kwa nguruwe, wasema wahenga, kwa binadamu mchungu. Swali gumu hasa kwa mwanasiasa ni lile linalohusu kituo kinachompenda. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Chris Cuomo wa CNN alikuwa akimhoji nduguye, Andrew Cuomo, gavana wa New York wa chama cha Democratic, huku wakitaniana hewani. Desemba 2021 CNN ilimfuta kazi mtangazaji huyo baada ya kubainika kwa upana jinsi alivyomsaidia nduguye kujitetea dhidi ya tuhuma za dhuluma za kimapenzi. Mdemocrat aliyeijua kila -li- ya Fox na asiione hii hakuwa akitetea haki ya mtazamaji.

Sisi wenyewe tuliwahi kuionja dawa hii. Julai 2015, siku chache kabla ya ziara ya Obama nchini Kenya, CNN ililiita eneo letu kitovu cha ugaidi. Wakenya walilishika neno hilo moja, wakalirudia, wakalikejeli mtandaoni, na Agosti mkuu wa CNN ya kimataifa, Tony Maddox, alifunga safari hadi Nairobi kuomba radhi. Sasa linganisha na tarehe 30 Januari 2018, serikali ilipozima matangazo ya NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kuapishwa kwa Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Sikumbuki kuelezwa ni sentensi ipi iliyokuwa ya uongo.

Niliporudi darasani wiki iliyofuata, yule kijana hakuwa amelegeza msimamo. “Lakini, Daktari,” alisema, “Gingrich alishinda.” Nilimjibu kwamba ni kweli, alishinda South Carolina. Kisha nikawasimulia ya tarehe 26 Januari 2012, wiki moja tu baada ya Charleston, katika mdahalo mwingine wa CNN mjini Jacksonville, Florida. Wolf Blitzer alimwuliza Gingrich kuhusu shutuma zake juu ya akaunti za Romney katika benki za Uswisi na visiwa vya Cayman. Gingrich akaitoa silaha ileile, akalishambulia swali. Safari hii Blitzer hakubabaika. Alimkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyeyasema maneno hayo, wiki hiyohiyo, katika mahojiano. Romney akaongeza kwamba ingekuwa vyema watu wasitoe mahali pengine madai wasiyokuwa tayari kuyatetea pale jukwaani. Makofi yakaenda upande wa pili. Tarehe 31 Gingrich alishindwa Florida kwa asilimia 32 dhidi ya 46.

Kijana aliniomba tarehe ya mdahalo huo, akaiandika daftarini.