Daftari la Wiki: Peugeot ya Jirani Yangu

Injini ya Peugeot 404, gari lililoanza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, ina slivu zinazochomolewa na kurudishwa, na maji ya kupozea huzigusa ubavuni moja kwa moja. Kwa hiyo kila slivu hukalia kizibo chembamba kinachozuia maji yasiteremke kwenye oili, na kinachokibana kizibo hicho mahali pake ni hedi iliyokazwa juu. Hedi ikishafunguliwa, ni wajibu slivu zifungwe kwa bolti na washa kabla ya mtu kuthubutu kuizungusha injini. Nayaandika haya kwa urefu kwa kuwa ndiyo yaliyomsibu jirani yangu hapa Mombasa, mzee aliyerithi 404 ya marehemu baba yake, na ambaye anataraji kuipeleka Nairobi mwezi wa Septemba, kwenye mashindano ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong. Kijana mmoja wa gereji, kwa nia njema ya kusafisha vichwa vya pistoni, alitia hendeli akazungusha. Pistoni zikapanda, na slivu moja ikapanda nazo unene wa ukucha, kisha ikashuka juu ya chembe za kutu. Hapana aliyeona. Hedi ikafungwa, injini ikawaka kwa sauti ya kupendeza, na kesho yake kijiti cha oili kikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

“Mzee wangu, niwie radhi, hatuna budi kuifungua tena,” fundi mkuu alisema.

“Fungua, mwanangu. Ikienda hivi itakufa Mariakani.”

Nilistaajabia utulivu wa wote wawili. Kijana hakufukuzwa, alikabidhiwa kazi ya kukwangua makalio ya slivu zote kwa mkono, na sasa hapana katika gereji ile ayajuaye makalio hayo kumshinda.

*

Rangi nayo imerudiwa. Rangi ya selulosi hukauka kwa tina kuruka, na tina irukapo huipoza bati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo kwetu mvua za kusi zinapopita, umande hutua juu ya rangi mbichi ukaacha ukungu mweupe. Boneti lilipigwa asubuhi ya mawingu, na kufikia adhuhuri lilikuwa limefifia kote. Aliyeifanya kazi hiyo ni fundi hodari, lakini aliharakishwa, nami nadhani lawama ni ya haraka, si yake.

*

Wako wanaouliza kwa nini mtu asumbukie gari la namna hii, ilhali mitaa imejaa magari mapya yasiyodai chochote. Jawabu liko katika tarehe ya barabara zetu wenyewe. Katika mbio za magari za Safari za mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7, na lililotangulia lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff; mwaka 1966 na 1967 ushindi ukachukuliwa kwa 404 na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell; na mwaka 1968, matope yalipoyameza magari yote ila 7 katika 93, Nowicki na Cliff wakashinda tena. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, lakini heshima yake ilipatikana huku.

*

Bushi za gia ya usukani hazikupatikana madukani, wala Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ambayo wauza spea wengi hawajaacha kuiita Grogan. Basi mzee akaenda kwa mkerezaji. Nilisimama kando nikimtazama akipima bushi iliyolika, si kwa jinsi ilivyo bali kwa jinsi ilivyokuwa: alitafuta ukingo mmoja ambao msuguano haujaufikia, akaufanya huo kuwa hakimu wake, na kipande cha shaba kikazunguka mbele ya kisu kikimwaga nyuzi za dhahabu. Akakijaribu kwenye mtaimbo, akakirudisha, akakwangua tena kidogo mno nisiweze kukiona kilichotoka. Laiti waandaaji wa mashindano wangetoa nafasi, kando ya jina la mwenye gari, ya kuandika majina ya watu kama huyu. Naona ni insafu, na haiwagharimu ila wino.

*

Imebaki ikhtilafu moja. Wanawe mzee wanataka gari lipakiwe juu ya lori, maadamu waamuzi hawaishii kwenye rangi na viti, bali huchungulia hata chini ya gari, na vumbi la Voi na Mtito Andei haliondoki kwa ndoo moja. Mzee anataka kuliendesha. Mimi niko upande wake bila ya kusita: slivu zile hazijapata jaribio ghairi ya kuwaka zikiwa zimesimama, na injini iliyofunguliwa mara mbili yafaa ijulikane uzima wake mlimani, si uwanjani. Wameafikiana aondoke Alhamisi, ili Ijumaa na Jumamosi zibaki kwa kuosha chini.