Siku ya Michezo Shuleni: Mtoto Mwenye Ulemavu Naye Acheze

Siku ya michezo hungojewa kwa hamu na watoto wa shule. Lakini wako ambao siku hiyo hukalishwa kivulini na kupewa kazi ya kulinda nguo na viatu vya wenzao. Hao ni watoto wenye ulemavu. Wengine hawafiki kabisa, kwa kuwa wazazi wameona heri wabaki nyumbani wasije wakaumia au kuchekwa. Sisi tunaona kuwa ulinzi wa namna hii unamdhuru mtoto.

Tuanze na afya yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asipofanya mazoezi, misuli yake hukaza na viungo hukakamaa. Yule anayeshinda ameketi hunenepa, hupata choo kigumu, na huweza kutokwa na vidonda vya kukalia. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wenye ulemavu wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kuhemesha kila siku. Ni kipimo kile kile cha watoto wengine.

Tena michezo ya watu wenye ulemavu ilikuzwa hospitalini. Daktari Ludwig Guttmann wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliitumia kama tiba kwa askari walioumia uti wa mgongo, na mwaka 1948 akaandaa shindano la kulenga mishale lenye washindani 16. Kutokana na mwanzo huo mdogo tukapata Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Na jirani yetu Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepofuka kwa kiharusi mwaka 1995, alishinda dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000. Kiongozi wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, ikabidi yeye asiyeona amkokote anayeona hadi kwenye utepe!

Mwalimu atasema shule haina vifaa. Vifaa gani? Asiyeona hukimbia na mwenzake, kila mmoja ameshika ncha ya kitambaa kimoja. Mpira wake ni matambara yaliyofungiwa njuga ndani, na wachezaji wote wafungwe vitambaa machoni. Hapo wanaoona watajua nani fundi. Kwa ajili ya viziwi, anayeanzisha mbio apeperushe bendera pamoja na kupuliza filimbi. Kuvuta kamba kunawezekana timu zote mbili zikiwa zimeketi chini. Anayetumia kiti cha magurudumu afyekewe njia na kusawazishiwa, maana kwenye mchanga magurudumu huzama. Au ashindane kutupia vifuko vya mchanga ndani ya duara.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni pointi. Hatupendi ule mtindo wa kuweka mbio moja ya “wenye ulemavu” mwisho kabisa, wakati wageni rasmi wameshaanza kutazama chakula, kisha watu wakapiga makofi ya huruma na kila mtoto akapewa sabuni na daftari. Mtoto anayajua makofi hayo. Pointi zake zihesabiwe kwa darasa au bweni lake kama za wengine. Akishinda, wenzake wambebe. Akishindwa, basi ameshindwa, kama wengine wanavyoshindwa.

Hatari zipo, hatukatai. Ndiyo maana mzazi amwone mwalimu wiki mbili kabla, amweleze hali ya mtoto na dawa anazotumia. Mwenye ualbino apangiwe michezo ya asubuhi mapema, avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na mistari ya uwanja ichorwe iwe wazi, kwa kuwa macho yake huona kwa shida. Mwenye kifafa anayetumia dawa vizuri kwa kawaida anaweza kukimbia. Asikose dozi siku hiyo kwa haraka ya kuwahi uwanjani, wala asipande juu au kuogelea bila mtu wa kumwangalia. Mwenye sindromu ya Down asipinduke sarakasi wala kupiga mpira kwa kichwa mpaka daktari ampime shingo. Wote wapewe maji ya kunywa mara kwa mara.

Aliyezaliwa na mgongo wazi aangaliwe zaidi, kwani huenda hasikii maumivu miguuni na matakoni. Anaweza kuchubuka mchana kutwa asijue. Jioni mama au baba amvue viatu, amkague nyayo, visigino na matako. Akiona jeraha, au alama iliyobadilika rangi na kuwa na joto ambayo asubuhi haijatoweka, asimkalishe tena juu ya sehemu hiyo, bali ampeleke zahanati siku hiyo hiyo.