Mlima Wetu wa Theluji

Wengi hutamani maajabu ya nchi za mbali, kumbe sisi wa Beni na Butembo tunayo yetu. Njia iendayo Lubero kutoka Butembo huvuka Ikweta. Mashariki ya Beni husimama Ruwenzori, ambayo kilele chake, Margherita, chafika mita 5,109 na kina barafu. Chini yake Semliki hutiririka toka Ziwa Edward mpaka Ziwa Albert. Mbuga ya Virunga iliwekwa mwaka 1925, na walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiitunza.

Tangu 2014 mauaji yameziliza jamaa nyingi za Beni, na safari imekuwa ya hatari. Basi, wazazi, waonyesheni watoto mlima ule kwa mbali, mawingu yanapoondoka. Nasi tuombe amani, ili siku moja waufikie kwa miguu yao.