MAGANDA YA KAHAWA NA MAJI YA SUMU



Mmesikia ya kwamba wataalamu wamejaribu kusafisha maji machafu ya viwanda kwa takataka za shambani: maganda ya kahawa, pumba za mpunga, magunzi ya mahindi, makumvi ya nazi. Wengine mlicheka. Msicheke, maana ni kweli, na jambo hili latuhusu sisi wa koleo na ndoo kuliko wakubwa wa ofisini.

Adui tunayemsema ni risasi, hii iliyomo ndani ya betri. Maji ya kuoshea betri yakimwagwa mtaroni huenda nayo, wala huioni. Mtu mzima humharibia damu na figo. Mtoto humpunguzia akili, na akili hiyo hairudi. Wenzetu wa Mombasa wanaijua habari ya Owino Uhuru, kilipokuwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka 2014. Wenyeji walishinda kesi 2020, wakanyang'anywa ushindi katika rufani, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu iliporudisha hukumu ya kuwalipa shilingi bilioni 1.3.

Basi ganda lafanyaje? Hukaushwa, husagwa, hutiwa katika pipa, na maji hupitishwa polepole. Chembe za risasi hunasa kwenye ganda kama kishonanguo kinavyonasa kwenye suruali. Lakini maji yakiwa makali kwa asidi, kama yalivyo ya betri, asidi hugombea nafasi ile ile, na risasi hupita. Ndiyo sababu yafaa ukali upunguzwe kwanza kwa chokaa. Tena ganda likisha kujaa halishiki zaidi; lazima libadilishwe.

Hapo ndipo penye shauri letu. Risasi haikufa, imehama tu kutoka majini ikaingia katika maganda. Ni nani atakayeyatoa pipani? Si mtaalamu.

Mimi mwandishi nalifanya kazi katika banda la betri nikiwa kijana. Glovu zilikuwa jozi moja kwa watu wanne, tukipokezana. Mke wangu alifua ovaroli yangu pamoja na nguo za watoto, na hakuna aliyetuambia neno. Sasa fikirini gunia la maganda yaliyotumika, limeachwa nyuma ya karakana. Maganda ni kuni. Maganda ni mbolea. Mtu atalichukua nyumbani kwa nia njema, akapikie au akalitie katika shamba la sukuma.

Kwa hiyo mwenye kazi akija na mapipa haya, tusiyakatae. Ni afadhali kuliko mtaro. Lakini tumwambie mapema: maganda yaliyotumika yafungwe, yatiwe alama ya sumu, yapelekwe mahali palipoidhinishwa kwa takataka za namna hiyo. Kila mtu awe na glovu na buti zake. Ovaroli zifuliwe kazini, na damu yetu ipimwe mara kwa mara kwa gharama ya mwenye kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Kama kwenu haipo, mwandikieni katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, mkitaja idadi yenu na maji yenu yanakomwagwa.