Majani Yaliyolinda Ini la Panya

Swali linalorudi mara kwa mara baada ya sala ya Ijumaa ni hili: je, ipo dawa ya majani inayoponya homa ya ini? Aulizaye aghalabu ana mgonjwa nyumbani, na jibu la haraka, liwe la kukubali au la kukataa, laweza kumdhuru. Basi tuufuate mmea mmoja tuone ulikofika.

Phyllanthus amarus ni mmea mdogo wenye vijani vilivyopangika kama vya mkwaju. Huota pia katika pwani yetu, na wengi huung'oa kama gugu. Kusini mwa India, Watamil huuita keezhanelli, yaani nelli ya chini, kwa sababu vitunda vyake hujipanga chini ya majani. Matabibu wa huko wamewanywesha wagonjwa wenye macho ya manjano tangu zamani.

Mwaka 1985 wanasayansi wa India walichapisha habari za viambata viwili walivyovitenga kutoka mimea ya jamii hiyo: filanthini na hipofilanthini. Walichukua seli za ini la panya, wakazitia sumu ya kaboni tetrakloridi, na seli zilizopewa viambata hivyo zikastahimili. Msomaji akutanapo na maneno "hulinda ini" juu ya chupa ya dawa ya mitishamba, mara nyingi ushahidi ulio nyuma yake ni wa namna hii: sumu moja, chombo cha maabara, na seli za panya. Ni elimu yenye thamani, lakini kirusi hakimo ndani yake, wala mwanadamu.

Mwanadamu aliingia mwaka 1988. Watafiti wa Madras, pamoja na Baruch Blumberg, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1976 kwa kazi iliyofichua kirusi cha homa ya ini aina ya B, walitoa matokeo katika jarida la Lancet. Wabebaji 37 wa kirusi walitumia mmea huo kwa siku 30, na 22 kati yao wakakutwa hawana tena alama ya kirusi katika damu. Miongoni mwa 23 waliopewa dawa tupu ya kulinganishia, ni mmoja tu. Nani asingefurahi? Lakini wengine waliporudia jaribio hilo, Thailand ikiwamo, hawakuyaona matokeo yale. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mmea huo huwafaa wagonjwa wa homa ya ini B ya kudumu.

Jambo hili lisingemshangaza Ibn Sina. Katika Al-Qanun aliweka masharti ya kujaribu dawa, na mojawapo ni kwamba ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwani inayomfaa simba au farasi huenda isimfae mtu. Wanaolitaja jina lake ili kuuza chupa wangefanya vyema kuusoma mlango huo.

Mbona basi jirani huapa kwamba alipona? Huenda alipona kweli. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa homa ya ini B, mara nyingi mwili wake hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6, na manjano ya macho hutoweka mapema zaidi. Aliyekuwa akinywa majani siku hizo huyashukuru majani. Taabu ni yule ambaye kirusi kimebaki: macho yake ni meupe, hana maumivu, anajihesabu mzima, na ini linaharibika kimyakimya kwa miaka.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa ampeleke akapimwe damu, na wenziwe wa nyumbani wapimwe pia. Kama amekwisha kunywa majani, amwambie daktari bila kuona haya. Mama mjamzito ndiye asiyefaa kuchelewa hata kidogo, kwani takriban watoto 9 katika kila 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na kirusi maisha yao yote. Akikutwa nacho, amuulize mkunga kabla ya siku za kujifungua juu ya chanjo ya ndani ya saa 24 za mwanzo, kwa kuwa ile ya wiki ya 6 itamkuta mtoto huyo ameshachelewa.